Pima Mtutu, Usiamini Jina: Kuitafutia Bunduki ya Leva ya Zamani Kichwa cha Risasi Kinachofaa

Mzee mmoja wa Paidha, huku West Nile ya Uganda, aliniletea bunduki ya marehemu babu yake ikiwa imeviringishwa ndani ya gunia la kahawa, cheti chake cha polisi kikiwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya koti. Ilikuwa Winchester ya muundo wa 1895, na ubavuni mwa mtutu palisomeka 405, jina la risasi yake. Alipokwisha kunywa chai akafungua kiganja. Mlikuwa na vichwa vitatu vya risasi vinavyong'aa, vya 416, alivyopewa na mwindaji mmoja.

"Mwanangu, mia nne na tano na mia nne na kumi na sita si jirani hao? Risasi zake za asili nimezitafuta mpaka nimechoka."

Sikumcheka. Nikiwa kijana nami niliwahi kuagiza vichwa kwa kufuata jina lililochongwa kwenye mtutu, nikalipa, nikangoja miezi, kisha nikapokea boksi la vitu ambavyo mpaka leo vinazuia karatasi zisipeperuke mezani kwangu. Bunduki hizi za leva zimezaliwa enzi ambayo kila kiwanda kilijipangia majina kilivyopenda. Kwa hiyo kazi yote ninayoieleza hapa inaanzia kwenye kupima. Duka linakuja mwisho.

Maneno, ili tusipotezane

Kiswahili chetu kina mtego hapa. "Risasi" ni yale madini laini ya kijivu, ni kile kinachoruka, na pia ni kitu kizima unachokiingiza kwenye bunduki. Hapa nitasema "kichwa" kwa kile kinachoruka, "ganda" kwa kopo la shaba, "fataki" kwa kile kidude kitakoni mwa ganda kinachogongwa na pini, na "baruti" inabaki baruti. Nikisema "risasi nzima" nina maana ya vyote vinne pamoja. Bunduki ya leva ni ile yenye mkono wa chuma chini ya kichochezi: unausukuma mbele, ganda tupu linaruka; unaurudisha, risasi nyingine inaingia chemba, yaani kile chumba nyuma ya mtutu ambamo risasi hulipukia.

Karatasi kabla ya chuma

Nitapita haraka, lakini usiruke. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970, kumiliki bunduki na risasi nchini Uganda kunahitaji cheti, na kutengeneza risasi ni jambo lenye idhini yake tofauti. Kurithi bunduki si kurithi cheti. Na usidhani kwamba kichwa peke yake, bila baruti, ni kipande cha shaba tu machoni pa ofisa wa forodha Entebbe. Nenda kwanza kwa polisi, ofisi ya leseni za silaha, uulize kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Kujaza risasi kwenyewe kumwachie mwenye idhini. Lakini kupima na kuchagua kichwa ni kazi ambayo mwenye bunduki anapaswa kuielewa, kwa sababu fundi anayejaza hataijua bunduki yako kuliko wewe, na duka lililo ng'ambo ya bahari halijaiona kabisa.

Hatua ya kwanza: ijue bunduki uliyonayo

Kabla ya namba yoyote, jibu swali moja: risasi zinakaa wapi? Karibu bunduki zote za leva za zamani, Winchester za 1873, 1886, 1892 na 1894 pamoja na Marlin nyingi, zina bomba refu chini ya mtutu, risasi zikipangana humo kichwa cha hii kikigusa kitako cha ile. Winchester ya 1895, aliyoibuni John Browning kama nyingi ya hizo nyingine, haina bomba. Ina sanduku mbele ya kichochezi, na risasi zinalala juu ya nyingine. Tofauti hiyo itaamua umbo la ncha, tutafika huko.

Swali la pili ni umri. Bunduki iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi, ina mtutu wa chuma laini na mara nyingi kufuli dhaifu, yaani kile kinachofunga chemba kwa nyuma risasi inapolipuka. Winchester ya 1873 ni mfano mzuri: kufuli lake ni viungo viwili vinavyonyooka kama goti, na goti hilo halikuumbwa kubeba msukumo wa baruti za kisasa. Ya 1894 ilikuja wakati wa baruti isiyo na moshi, na mwaka 1895 ikapewa risasi ya 30-30 ambayo mpaka leo haijafa.

Hii ya mzee wa Paidha ina historia inayotuhusu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani mpaka Machi 1909, alikuja Afrika Mashariki mwaka huohuo na Winchester ya 405 katika mizigo yake, na mwanawe Kermit aliitumia pia. Mwishoni mwa mwaka alivuka ziwa mpaka Entebbe, akapanda Kampala, akatembea kwenda Hoima na kushuka Butiaba, kisha akateremka na Nile mpaka mahali panapoitwa Rhino Camp hadi leo, huku kwetu West Nile, alikowinda vifaru weupe. Bunduki ya 405 aliisifu kwamba kwake ndiyo dawa ya simba. Tangu hapo kila mzee mwenye 1895 huapa kwamba yake ilipitia mikononi mwa Roosevelt. Nimeshaziona nne za namna hiyo.

Hatua ya pili: pima ndani ya mtutu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa sitaki haraka.

Ndani ya mtutu wa bunduki kuna matuta na mifereji, kama shamba la viazi lililopindwa likazungushwa. Kichwa hukatwa na matuta na kuijaza mifereji. Ndivyo kinavyozungushwa, na ndivyo gesi ya baruti inavyozuiwa isipenye pembeni. Kipimo tunachokitaka ni kutoka chini ya mfereji mmoja hadi chini ya mfereji unaoutazama. Nitakiita kipenyo cha mifereji. Kichwa chenye koti la shaba kinapaswa kulingana nacho, au kikipungua, kwa unywele. Kichwa cha madini ya risasi matupu kinapaswa kukizidi kidogo, kama elfu moja ya inchi, ili kizibe vizuri.

Toa risasi zote. Fungua leva, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Kama kuna bomba, hakikisha halina kitu, maana risasi iliyosahauliwa ndani ya bomba bovu imekwisha kuua watu waliokuwa "wanasafisha tu". Safisha mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha upake mafuta mepesi.

Tafuta chubwi la mvuvi, lile la madini laini kabisa ambalo ukucha unaacha alama. Soko lolote la kando ya ziwa linalo. Ligonge taratibu mpaka liwe nene kidogo kuliko tundu la mtutu. Bunduki nyingi za leva haziruhusu uingize fimbo moja kwa moja kutoka nyuma, kwa hiyo utaanzia mdomoni: acha leva wazi, tandika kitambaa kwenye chemba, weka chubwi mdomoni mwa mtutu, uligonge kwa nyundo ya plastiki mpaka lizame. Kisha lisukume kwa fimbo ya shaba nyeupe au ya mti mgumu ulionyooka. Usitumie fimbo ya chuma. Itaukwaruza mdomo wa mtutu, na mdomo ukiharibika hakuna kichwa duniani kitakachokuokoa.

Usisukume kama mtu anayezibua bomba la maji. Sukuma ukisikiliza kwa mkono. Mtutu mzuri una ukinzani uleule mwanzo hadi mwisho. Ukihisi chubwi linalegea ghafla kisha linakaza tena, hapo mtutu umevimba, na safari yako ya kutafuta vichwa inaishia hapo. Kinachofuata ni fundi wa mitutu au ukuta wa sebuleni.

Chubwi likitoka litakuwa limechorwa mistari. Lipime kwa maikromita, juu ya sehemu zilizoinuka, kwani hizo ndizo zilizojaa mifereji. Kalipa ya bei rahisi inakosea elfu moja au mbili za inchi, na elfu mbili ndizo tunazozigombania. Pima pande tatu, andika. Kisha rudia yote kwa chubwi jingine. Kama vipimo viwili havikubaliani, fanya la tatu. La mzee wa Paidha lilinipa inchi 0.4115, yaani milimita 10.45. Bunduki inaitwa 405, mtutu wake ni 411. Vile vichwa vyake vya inchi 0.416 vingekuwa vinene mno. Pengine risasi hiyo isingekubali hata kuingia chemba, lakini watu hulazimisha vitu, na risasi iliyolazimishwa hupandisha msukumo mpaka kufuli lifunguke usoni mwa mpigaji.

Ukiwa bado umeshika fimbo, pima na mzunguko. Fimbo yenye mpini unaozunguka kwa uhuru, kitambaa kilichobana mbele yake. Isukume ndani, weka alama ya wino juu ya fimbo usawa wa mdomo wa mtutu, kisha ivute polepole mpaka alama izunguke mara moja na kurudi juu. Umbali uliovuta ndio mzunguko wa mtutu wako. Kwa risasi ya 405 ni inchi 14. Kwa 30-30 ni 12. Kwa 32 Special ni 16. Kwa 38-55 ni 18. Kwa 44-40 ni 36, mzunguko wa uvivu kabisa.

Bunduki ambayo jina lake limefutika inahitaji kitu zaidi: kumimina nakala ya chemba. Mafundi hutumia madini maalumu yaitwayo Cerrosafe, yanayoyeyuka chini ya joto la maji yanayochemka. Hunywea kidogo yakipoa, na baada ya saa moja huwa na ukubwa sawa na chemba, kisha huendelea kutanuka. Ukipima kesho yake umepima uongo. Wazee walitumia kibiriti upele kilichoyeyushwa. Kinafanya kazi, kinanuka, na kinavunjika kama biskuti.

Hatua ya tatu: linganisha kipimo na jina

Sasa ndipo jina linafaa, kukuonyesha kama mtutu wako ni wa kawaida au umechakaa. 30-30 huchukua inchi 0.308, sawa na bunduki nyingi za kisasa, na ndiyo rahisi kuliko zote. 32 Special ni 0.321, wala si 0.323 ya Mauser ya Kijerumani ingawa zinafanana machoni. 38-40 ina jina la ajabu, mtutu wake ni kama 0.400. 44-40 ni 0.427, ingawa mitutu ya zamani hupanda. 348 ya Winchester ya muundo wa 71 ni 0.348 kweli, mara moja jina limesema ukweli. 45-70 ni 0.458. Na kama 1895 yako ni ya 303 ya Kiingereza, maana zilitengenezwa, mshukuru Mungu: vichwa vya 0.311 na 0.312 vipo, kwa sababu jeshi la Waingereza waliotawala sehemu kubwa ya Afrika lilivitumia.

38-55 ndiyo yenye hila. Vichwa vya leo vinatengenezwa kwa 0.375 au 0.377, lakini mitutu mingi ya zamani inapima 0.379 na hata 0.380. Kichwa cha 0.375 humo kinatembea kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Bunduki haitalipuka, ila itatupa kila risasi kona yake.

Hatua ya nne: ncha

Kama bunduki yako ina bomba, ncha kali ya chuma au shaba ni marufuku. Kichwa cha nyuma kimeegemea fataki ya risasi iliyo mbele. Bunduki inaporuka kwa kishindo cha mlio wa kwanza, ncha inagonga fataki kama pini, na bomba zima linaweza kuwaka chini ya mkono wako wa kushoto. Tafuta kichwa chenye uso bapa na mpana. Zipo pia zenye ncha ya mpira laini, kiwanda cha vichwa cha Hornady huziita FTX, zilizobuniwa kwa ajili ya bomba hasa. Kichwa cha mviringo bila ubapa mimi sikipendi ndani ya bomba, hata kama babu alikitumia miaka 40.

Mwenye 1895 hahitaji kuhofu hilo. Sanduku lake linapokea ncha yoyote itakayoenea.

Hatua ya tano: uzito na urefu

Uzito wa vichwa unapimwa kwa greini. Greini moja ni gramu 0.065 hivi. 405 ilizaliwa na kichwa cha greini 300, karibu gramu 19 na nusu. 30-30 inajulikana kwa 150 na 170. Anza na uzito wa asili. Kama una sababu ya kuuacha, iwe sababu, isiwe kwamba ndivyo vilivyobaki dukani.

Mtu husema kichwa kizito zaidi ndicho kitamwangusha nyati. Tatizo ni kwamba kichwa kizito ni kirefu, na kichwa kirefu kinadai mzunguko wa kasi, yaani wa inchi chache. Mwaka 1879 Mwingereza George Greenhill alitoa kanuni ambayo bado inatosha kwa bunduki hizi. Gawanya mzunguko kwa kipenyo, kisha gawanya 150 kwa jibu hilo: unapata kichwa kinaweza kuwa na urefu wa vipenyo vingapi. Chukua 38-55: 18 gawanya kwa 0.375 ni 48. 150 gawanya kwa 48 ni 3.1, mara 0.375 ni inchi 1.17. Sasa huku kwetu vichwa vya 375 vya bunduki kubwa ya H&H (kampuni ya Uingereza, Holland & Holland) ndivyo wawindaji wa kulipwa wanavyo, na kishawishi ni kikubwa. Lakini kile cha greini 300 kinapita urefu huo, kina ncha isiyofaa bomba, na koti lake ni gumu kwa kasi ya 38-55. Makosa matatu katika kichwa kimoja.

Kwa 405 hesabu hiyohiyo inatoa inchi 1.8, nafasi tele. Ndiyo maana wengine hutamani vichwa vya greini 400 vya risasi kubwa iitwayo 450/400, ambavyo vina inchi 0.410. Kwa kipenyo vinakaribia. Ila vinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda na vinabadilisha msukumo wote, kwa hiyo mapishi ya greini 300 hayavihusu hata kidogo. Kumbuka pia kwamba kichwa cha shaba tupu, kisicho na madini ya risasi ndani, ni kirefu kuliko chenzake cha uzito uleule.

Hatua ya sita: koti na kasi

Kichwa kinaundwa kwa kasi fulani. 405 na 30-30 zinatoa vichwa kwa mita 670 kwa sekunde au zaidi kidogo. Kichwa kilichoundwa kwa mita 900 kitampita swala kama sindano, na swala ataenda kufia kichakani usikomwona. Kinyume chake, vichwa vya bastola ya 41 Magnum vina inchi 0.410 na greini kama 210, na watu huvitumia kwenye 405 kwa mazoezi ya polepole. Kwa mazoezi, sawa. Kwa kasi kamili ya 405 vinapasukia juu ya ngozi.

Kwa mtutu wa enzi ya baruti nyeusi mimi huchagua madini ya risasi yaliyochanganywa na bati, sehemu 20 kwa moja au 30 kwa moja, yaliyomiminwa kwenye kalibu. Yanahurumia chuma laini. Anayemimina asichukue kamwe madini ya betri chakavu za gari. Yakiyeyushwa yanaweza kutoa gesi yenye sumu kali ya arseniki. Wala asimimine jikoni kwa mama watoto.

Kabla ya kulipa

Tazama kama kichwa kina pete ya kubania, ule mchirizi unaozunguka kiunoni. Ndani ya bomba, spring inasukuma risasi zote, na kichwa kisichobanwa na mdomo wa ganda kitazama ndani ya ganda. Mahali pa pete ndipo panapoamua urefu wa risasi nzima, na bunduki za leva ni wachoyo wa urefu: 30-30 isizidi inchi 2.550, 405 isizidi 3.175. Katika Winchester ya 1873 risasi ndefu mno inakwama kwenye lifti, kile kinachoinua risasi kuelekea chemba, na fupi mno inaruhusu ya nyuma yake kuchungulia na kukwamisha kila kitu.

Nunua pakiti ndogo kabisa, au omba vichwa vitano. Mwambie fundi mwenye idhini akutengenezee risasi mbili za bandia, bila fataki wala baruti. Zipitishe kwenye bunduki mara kumi. Kisha apime shingo ya risasi hiyo na shingo ya chemba. Ya risasi lazima iwe nyembamba, kwani ganda linahitaji pa kutanukia ili kichwa kitoke. Hili huwakuta hasa wenye 44-40 wanaotaka vichwa vya 44 Magnum vya 0.429.

Kiasi cha baruti kitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji wa kichwa hichohicho au wa baruti hiyohiyo, kuanzia kiwango cha chini kilichoandikwa humo. Cha kuambiwa na rafiki usikiguse.

Risasi tano za kwanza zipigwe kwenye karatasi, mita 25, bunduki ikiwa imefungwa kwenye kiegemeo na kichochezi kikivutwa kwa kamba. Soma matundu. Tundu la mviringo ni heri. Tundu lenye umbo la tundu la ufunguo linakuambia kichwa kilifika kikiwa ubavu: ni kirefu mno kwa mzunguko wako, au ni chembamba mno kwa mifereji yako. Rudi kwenye maikromita.

Mzee wa Paidha alipata vichwa vya Hornady vya greini 300, inchi 0.411, kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, baada ya miezi mitano na barua tatu. Vipimo vya mtutu wake niliviandika kwenye kadi ngumu: kipenyo, mzunguko, urefu wa risasi, tarehe. Akaikunja, akaiweka kwenye ule mfuko wa nailoni pamoja na cheti. Vile vitatu vya 416 aliniachia. Vipo mezani, karibu na boksi langu.